Uzi maalumu: Igizo ambalo kijana mwenye ulemavu, au asiye na nauli, anaingia, analifuatilia na anapanda jukwaani

NyumaYaPazia

Habari wadau. Uzi huu ni wa wanaoandaa maigizo ya vijana, iwe kikundi cha mtaani, shule au kituo, na wanataka vijana wenye ulemavu na wale wa familia zisizojiweza wawemo kikamilifu: kwenye viti, jukwaani na nyuma ya pazia. Maswali haya huulizwa kila mara na majibu yanapotea. Tuyakusanye hapa, na tafadhali tuandike vipimo na hatua.

Msimamo wangu ni kwamba mambo haya hupangwa siku igizo linapochaguliwa. Yakiachwa hadi wiki ya mwisho, mkalimani huishia kwenye kona ya giza, kijana mwenye kiti mwendo hubebwa na wanaume wanne mbele ya watu, na asiyeona hukaa saa nzima akisikia ukumbi unacheka bila kujua kimetokea nini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unayataja mambo mawili katika kifungu cha 30: kufikia maonyesho ya wengine, na kupata nafasi ya kukuza kipaji chako mwenyewe. Vikundi vingi vinashughulikia la kwanza na kulisahau la pili.

Naanza na jengo. Rampu, yaani njia ya mteremko mahali pa ngazi: kila sentimita 1 ya kimo inataka angalau sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji rampu ya mita 1.8. Ubao mfupi unaowekwa juu ya ngazi tatu si rampu, ni ajali: kiti kinapinduka kwa nyuma wakati wa kupanda. Pembeni weka kingo za kuzuia magurudumu, na juu na chini acha sehemu tambarare ya mita 1.5. Mlango uwe na nafasi wazi ya sentimita 80, na 90 ni bora zaidi. Ipime ukiwa umefunguliwa, kuanzia kwenye ubao wa mlango hadi kwenye fremu ya upande wa pili, maana unene wa mlango na kitasa hula nafasi. Kiti mwendo kinageuka kwa raha ndani ya mita 1.5 kwa 1.5.

Ukumbini, nafasi ya kiti mwendo ni sentimita 90 kwa 140, na pembeni yake kiti cha kawaida cha rafiki au msaidizi. Zitawanye nafasi hizo. Zikiwa zote nyuma kabisa, watu wakisimama kupiga makofi hawa wanaona migongo tu.

Chipukizi_wa_Jukwaa

Ahsante mkuu. Swali: ukumbi tunaotumia una jukwaa la zege la kimo cha sentimita 60, ngazi nne, na hakuna njia nyingine. Kwa hesabu yako rampu inakuwa mita 7.2. Haiingii. Na mfuko hauna kitu. Tunaanzia wapi?

NyumaYaPazia

Shukeni jukwaani. Chezeni sakafuni, viti vizunguke pande tatu, mstari wa kwanza mikeka, wa pili viti vifupi, wa tatu viti vya kawaida. Hapo hakuna anayemziba mwenzake na hakuna rampu ya kujenga. Lile jukwaa la zege litumike kuwekea vifaa. Kosa la kuepuka ni kuwaacha waigizaji wengine wote juu na kumweka mwenye kiti mwendo peke yake chini. Watazamaji wataliona mara moja, na yeye ataliona kabla yao.

Halafu angalieni nyaya. Waya wa spika uliokatiza njia unazuia gurudumu na unanasa fimbo nyeupe ya asiyeona. Zipitisheni ukutani au juu ya mlango. Pasipowezekana, zifunike kwa mkeka wa mpira uliobanwa kingo zote.

MikonoInasema

Mimi niko upande wa ukalimani wa lugha ya alama. Nitaandika kirefu kidogo kwa sababu hapa ndipo watu hukosea wakidhani wamemaliza kazi kwa kumwita mkalimani.

Mswada umfikie wiki tatu kabla, na ahudhurie mazoezi mawili angalau, moja likiwa la mwisho lenye mavazi na taa. Kila mhusika anahitaji jina la alama, yaani alama moja ya kumtaja. Kama halijapatikana mapema, mkalimani atakuwa anataja herufi moja moja kwa vidole huku mazungumzo yanamkimbia. Nyimbo, mafumbo na methali zinataka kutafsiriwa mezani kabla, na kiziwi mwenye lugha hiyo awepo kusema kama zinaeleweka. Kila nchi ina lugha yake ya alama, hivyo msichukue mtu kwa sababu tu aliwahi kujifunza alama mahali pengine.

Igizo lenye maneno mengi la zaidi ya saa moja linataka wakalimani wawili, wapokezane kila dakika 20 hadi 30 au wagawane wahusika. Anayechoka huanza kufupisha, na kinachokatwa kwanza ni utani.

Nguo iwe ya rangi moja isiyo na maua wala mistari, inayotofautiana na ngozi yake, na nyuma yake pasiwe na dirisha wala taa. Viti vya viziwi vipangwe upande ambao jicho linampata mkalimani na waigizaji kwa pamoja bila kugeuza shingo. Nendeni mkakae kwenye viti hivyo wenyewe kabla ya kuvigawa.

Na giza. Mwongozaji akizima taa zote kwa sekunde kumi huku sauti inaendelea, kwa kiziwi igizo limekatika. Ama mkalimani abaki na taa yake, ama maneno yahamishwe yaje baada ya taa kurudi.

FundiTaa

Naongezea hapo. Taa ya mkalimani iwe na swichi yake, isiunganishwe na mpangilio wa taa za jukwaa. Iwe nyeupe isiyo na karatasi ya rangi (nyekundu na bluu hufuta sura ya mdomo na vidole), itoke mbele kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, na iwe hafifu kuliko ya jukwaa ili isiwavute wasioihitaji. Ikitoka juu kabisa, macho yake yanageuka mashimo meusi, na uso ni sehemu ya sarufi ya lugha ya alama.

Kwa wale wasiosikia vizuri ambao hawajui lugha ya alama, kuna maandishi ya skrini. Kompyuta moja, projekta moja, kitambaa cheusi au kijivu kizito kando ya jukwaa. Kila slaidi mistari miwili, jina la anayesema mwanzoni, herufi nyeupe kwenye nyeusi. Watengeneza mabango wana kanuni ya sentimita 2.5 za herufi kwa kila mita 3 za umbali. Anzeni hapo, kisha mkajaribu kutoka kiti cha mwisho. Sauti zisizo maneno ziandikwe pia: mlango unabamizwa, ngoma inakaribia.

Yanayoharibika ni haya. Kwanza, slaidi inatangulia na kutoboa utani kabla ya mwigizaji kuusema, kwa hiyo kila kituko kiwe na slaidi yake. Pili, mwigizaji anaruka ukurasa mzima. Hapo mwendeshaji awe na mswada wa karatasi wenye namba ya slaidi pembeni ya kila mstari, aandike namba na kuruka moja kwa moja. Tatu, slaidi nyeusi ya projekta si nyeusi kweli, inatoa ukungu wa kijivu jukwaani kwenye tukio la usiku. Kipande cha kadibodi mbele ya lenzi kinatosha, mradi kisigusane nayo kwa sababu ya joto. Nne, kompyuta inalala au inaonyesha ujumbe wa mtu. Zima hayo yote mapema.

Kama ukumbi una waya wa kurusha sauti kwenye shimesikio (kifaa cha sikioni cha kusaidia kusikia), ule wa alama ya T, ujaribuni taa zikiwa zimewashwa. Vipunguza mwanga huingiza mvumo mkubwa kwenye mfumo ule, na taa zikiwa zimezimwa hamtausikia. Hivyo fundi sauti anayepima mchana peke yake ataondoka akidhani kila kitu ni salama.

Chipukizi_wa_Jukwaa

Kuna vijana wanne wasioona wanaotaka kuja kutazama, na mmoja anataka kuigiza. Kwa watazamaji tulifikiria kumweka mtu wa kuwanong'oneza. Inatosha?

SautiPembeni

Kunong'oneza kunasaidia mtu mmoja mmoja, ila kwa wanne kutawasumbua walio jirani na wao wenyewe watapata maelezo manne tofauti. Kinachofaa ni msimulizi mmoja mwenye mswada wa maelezo, anayeongea kwenye kipaza sauti nao wanasikia kwa kipokezi chenye kifaa cha sikio moja tu. Sikio la pili libaki huru kwa ajili ya jukwaa. Msimulizi akae mahali anapoona jukwaa lote, kwenye chumba chenye kioo au nyuma kabisa akiwa amezungukwa na mablanketi mazito. Kabla ya kutumia kirushio cha mawimbi ulizeni masharti ya leseni mahali mlipo.

Mswada wa maelezo unaandikwa kwa kutazama mazoezi na kutafuta mianya kati ya maneno. Usiongee juu ya mwigizaji. Eleza kinachoonekana, acha hisia zijitokeze zenyewe: "anakunja barua mara mbili, anaificha chini ya mkeka" ina nguvu kuliko "ana wasiwasi". Na msitaje kitu kabla hakijatokea.

Kitu chenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni ziara ya kugusa, saa moja na nusu hadi saa moja kabla ya onyesho. Vijana wanapitishwa jukwaani, wanahesabu hatua kutoka mlango wa bandia hadi kitandani, wanashika vazi la mfalme na kulilinganisha na la mtumwa, wanapima uzito wa upanga. Kisha kila mwigizaji anasimama mbele yao, anataja jina la mhusika wake na kusema sentensi mbili kwa sauti ile ile atakayoitumia. Bila hilo, kwenye tukio la watu watano hawatajua nani ni nani, hata maelezo yawe mazuri namna gani.

Kuhusu yule anayetaka kuigiza: bandikeni sakafuni kamba nyembamba ya milimita 3 au 4 chini ya utepe wa gundi, ianzie anapoingilia hadi kituo chake. Mguu utaisoma hata ndani ya kiatu chenye soli laini. Kama mnacheza kwenye jukwaa la juu, wekeni mkeka wa ugumu tofauti mita 1 kabla ya ukingo. Na sheria moja kwa kikundi kizima: kiti kikisogezwa hata sentimita 20, aambiwe kabla hajaingia. Mswada mrekodini kwa sauti, mistari yake isomwe na mtu mmoja na ya wenzake na mwingine, vinginevyo atachanganya mistari yake na ya wenzake.

UtulivuKwanza

Naomba nizungumzie vijana wenye usonji, ulemavu wa akili, na wale ambao kelele au giza huwatesa. Kwao kuna onyesho tulivu. Igizo ni lile lile bila kupunguzwa urefu wala maana. Kinachobadilika ni mazingira.

Taa za watazamaji zibaki asilimia 20 hadi 30. Zikizidi, jukwaa linafifia na umakini unapotea. Milango ibaki wazi, watu watoke na kurudi watakavyo, na wahudumu waelezwe wazi kwamba kijana anayetoa sauti, anayetikisika au anayetembea hanyamazishwi. Kuhusu sauti, msishushe kila kitu. Kata mishtuko: mlio wa bunduki ugeuke pigo la mbao, radi ianze mbali na kukua. Taa za kumetameta ziondolewe kabisa. Zinazozidi mara 3 kwa sekunde zinaweza kuamsha kifafa, na tangazo la mlangoni halimkingi mtu ambaye hajui kuwa analo tatizo hilo. Moshi wa jukwaani nao uondolewe kwa ajili ya wenye pumu.

Jazeni nusu ya viti tu. Chumba cha utulivu kiwe mbali na spika, kiwe na mikeka, mwanga wa kawaida, na mtu mzima mmoja asiyeuliza maswali.

Wiki moja kabla, tumeni kijitabu cha picha cha kurasa 8 hadi 12: lango, choo, kiti atakachokalia, kila mwigizaji akiwa na nguo zake za kawaida na kisha na vazi la igizo, na ukurasa unaosema wazi "hapa kutakuwa na sauti kubwa, unaweza kuziba masikio". Picha ziwe za ukumbi wenyewe. Picha ya mtandaoni ya ukumbi mwingine inamtia hofu zaidi akifika na kukuta sivyo.

Kwa vijana wenye ulemavu mzito na wa namna nyingi kwa pamoja, hata hilo halitoshi. Kikundi cha Oily Cart cha Uingereza, kilichoanza mwaka 1981, kimejenga kazi yake kwa hadhira hiyo: watoto wachache kwa wakati mmoja, kila mmoja na mlezi wake, na igizo linakuja kwa kugusa, harufu, upepo na mtetemo. Mwigizaji anasubiri jibu, ambalo linaweza kuwa kupepesa jicho, na hahamishi tukio hadi alipate. Ulizeni mzio kabla ya kutumia harufu au mpira wa aina yoyote.

MleaVipaji

Wadau, tumekaa sana kwenye ulemavu. Kijana asiye na kitu anazuiwa na vitu ambavyo rampu haiviondoi. Orodha yangu ya vinavyowaondoa kimyakimya:

Nauli, na hasa nauli ya mazoezi, kwa sababu igizo la miezi miwili lina safari nyingi kuliko onyesho. Irudisheni siku hiyo hiyo, taslimu, kwa wote, bila fomu ya kuthibitisha umaskini. Akilazimika kuomba, hatarudi.

Njaa. Mazoezi ya jioni yaanze na chakula, wote wale pamoja akiwemo mwongozaji.

Maagizo madogo: "kila mtu aje na viatu vyeusi". Hapo watatu wanaacha kuja na hawatasema kwa nini. Mavazi yote yatoke kwenye kikundi.

Muda. Wengi wanafanya kazi au wanalea wadogo zao. Ulizeni kwanza wako huru lini, ndipo mpange ratiba. Ruhusuni mdogo aje, pawe na mkeka na mtu wa kumwangalia. Maonyesho yaishe kabla ya usafiri wa mwisho, na muda huo muupime mkijumlisha kijana mwenye magongo anayehitaji dakika 20 kufika kituoni.

Kusoma. Usimpe mtu mswada mbele ya wenzake asome papo hapo. Fanyeni usaili kwa michezo ya kuigiza na ubunifu wa papo kwa papo.

Kiingilio: mtu alipe anachoweza, kwa bahasha iliyofungwa wakati wa kutoka. Kisanduku wazi mlangoni kinamwaibisha asiye na kitu mbele ya jirani yake. Msaidizi wa mwenye ulemavu asilipe.

Na picha. Ridhaa iandikwe na kijana pamoja na mzazi au mlezi, na ieleze picha itatumika wapi. Msimpige anapobebwa au anapolishwa kwa ajili ya kutafutia wafadhili. Kwenye mazoezi wawepo watu wazima wawili kila wakati, na msaada wa chooni utolewe na msaidizi aliyechaguliwa na kijana mwenyewe au familia yake, kamwe si mtu wa kujitolea aliyekuja juzi.

Mshika_Mswada

Kuna jambo nalipinga kidogo. MikonoInasema anampanga mkalimani pembeni vizuri, lakini bado yuko pembeni. Kwa nini asiwe ndani ya igizo?

MikonoInasema

Unauliza kitu cha msingi. Graeae, kikundi cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1980 na kinachoongozwa na wasanii wenye ulemavu, kimefanya lugha ya alama na maelezo ya sauti kuwa sehemu ya sanaa yenyewe. Deaf West Theatre ya Los Angeles, tangu 1991, huchanganya waigizaji viziwi na wanaosikia: mmoja anasema kwa alama, mwenzake anatoa sauti ya mhusika huyo huyo. Ni bora kuliko kumweka mkalimani kwenye kona, bila shaka. Lakini inataka viziwi wawe kwenye chumba cha uandishi tangu siku ya kwanza, na mazoezi marefu zaidi, kwa sababu mwendo wa alama na mwendo wa sauti havilingani na lazima vifungwe pamoja mstari kwa mstari. Kama una wiki tatu tu, fanya kona nzuri.

Mwigizaji kiziwi naye asiguswe mgongoni gizani kupewa ishara ya kuingia. Taa ndogo nyuma ya pazia: ikiwaka ajiandae, ikizima aingie.

Chipukizi_wa_Jukwaa

Na mwigizaji mwenye ulemavu wa akili asiyeweza kukariri?

UtulivuKwanza

Mpe kazi badala ya sentensi: kuleta maji, kufunga mlango, kumzuia mgeni asipite. Maneno yatoke kwenye kazi, na mwandishi ayachukue hayo hayo aliyoyasema yeye kwenye mazoezi. Mpe mwenza mmoja wa jukwaani ambaye habadilishwi. Mazoezi yaanze na yaishe kwa mpangilio ule ule kila siku, uliochorwa ukutani kwa picha. Na msimpe kila mara nafasi ya kuchekesha au kuhurumiwa. Back to Back Theatre ya Geelong, Australia, ambayo waigizaji wake wengi wanaitwa wenye ulemavu wa akili, ilipewa Tuzo ya Kimataifa ya Ibsen mwaka 2022 kwa maigizo wanayoyatunga wao wenyewe, mazito na yenye hoja.

Mshika_Mswada

Kwa wanaotumia jukwaa la mjadala, lile la Augusto Boal wa Brazili ambapo mtazamaji anasimamisha igizo na kuchukua nafasi ya mhusika: kumbukeni kwamba mtazamaji wa aina hiyo ni mwigizaji mtarajiwa. Kama amri ya kusimamisha ni kupaza sauti, kiziwi na asiyeongea wamefungiwa nje. Kila mtu apewe kadi ya rangi kali, na mwezeshaji azungushe macho ukumbini kila baada ya muda. Asiyeona atumie kengele au apige makofi mawili. Njia ya kutoka kila kiti hadi katikati iwe wazi, na mhusika anayebadilishwa aweze kuchezwa ukiwa umekaa.

Chipukizi_wa_Jukwaa

La mwisho kwa leo: moto ukitokea?

NyumaYaPazia

Hilo mlipange kwa maandishi. Lifti haitumiki, hivyo kama mko ghorofani na hakuna njia nyingine ya kutoka kwa magurudumu, msifanyie onyesho huko. Kila mwenye kiti mwendo, asiyeona na kiziwi awe na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, ambaye hana kazi nyingine siku hiyo. Kwa viziwi, taa zote za ukumbi ziwake na mkalimani atoe alama. Asiyeona ashike kiwiko cha kiongozi wake, asisukumwe. Fanyeni zoezi moja siku ya mazoezi ya mwisho, na jingine taa zikiwa zimezimwa kabisa, mpime muda. Foleni ikikwama mlangoni, ondoeni mstari mmoja wa viti mpime tena.